Aliyejibu wa Kwanza

Ile injini ya kutafutia iliingia kwenye kompyuta yangu kwa mlango wa nyuma. Nilikuwa natafuta programu ya bure ya kupangia mitihani ya jiografia, nikabonyeza "kubali" bila kusoma, mimi ninayewafokea wanafunzi kila siku kwa kutosoma maswali. Tangu hapo kila nilichouliza kilipelekwa kwenye ukurasa wenye rangi nyingi, na majibu ya juu yote yalikuwa matangazo. Niliiondoa kwenye mipangilio. Nikifunga na kufungua, imerudi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, ndivyo ninavyowaimbia watoto darasani, lakini ufa wangu niliuzoea. Niliruka ya juu nikasoma ya chini, maisha yakaendelea.

Mama yangu alikuwa ameshuka kutoka Mbulu baada ya baba kufariki, akaja kuishi nasi katika mji wa Bonga. Mjini hakupazoea. Watu wanapita haraka, bodaboda zinapiga kelele, na wajukuu zake hawajui Kiiraqw. Mimi mwenyewe akinisemesha kwa lugha yetu namjibu kwa Kiswahili, uvivu tu. Tukamnunulia ng'ombe wa kisasa, na ndipo nilipomwona mama akichangamka. Asubuhi alikuwa bandani anamwongelesha kwa Kiiraqw, habari ndefu ndefu, na mimi jikoni nilisikia sauti ya mama niliyokuwa naijua zamani. Nyumba nzima hakuwa na mwingine wa kuzungumza naye hivyo.

Wiki ya mitihani ng'ombe aligoma kula. Alikuwa na joto, na chini ya masikio amevimba. Mama alifuga ng'ombe wa kienyeji maisha yake yote, lakini kwa huyu wa kisasa hakuuamini mkono wake. Akaniambia, "Mwalimu, hebu uliza huko kwenye kompyuta."

Nikauliza. Nikaanza kuteremka kwenda kwenye majibu ya chini, mama akanishika mkono.

"Mbona unampita wa kwanza?"

"Huyo ni tangazo, mama. Anauza dawa."

"Lakini amejibu wa kwanza. Msomee na yeye."

Kwetu juu Mbulu, kikao kinafunguliwa na mkubwa. Anayesema wa kwanza amepewa nafasi hiyo na watu, na wanaofuata huongezea tu maneno yake. Kumruka ni kuwatukana waliomweka mbele. Nilijua anachofikiria, kwa hiyo nikamsomea huku nacheka: ni minyoo, msihangaike, mpeni dawa yetu, atapona mwenyewe. Kisha nikamsomea wa chini, aliyesema inaweza kuwa ndigana, ugonjwa wa kupe, na mtaalamu aitwe haraka.

"Ona sasa," mama akasema. "Wa pili ana hofu. Wa kwanza ametulia."

Nilimwambia tumpigie daktari wa mifugo. Akasema nenda shule, umechelewa, mimi nipo. Nikaenda kusimamia mtihani. Jioni niliporudi alikuwa ameagiza dawa ya minyoo kwenye duka la mifugo na kumnywesha. Daktari hakumpigia. Mkubwa ameshasema, angempigiaje mwingine? Nilitaka kubisha, lakini ng'ombe alikunywa maji kidogo mbele yangu, na mama alikuwa na uso wa matumaini.

Siku iliyofuata ng'ombe alianza kukohoa, povu likatoka puani. Nilimpigia daktari mimi mwenyewe. Alikuja akamgusa uvimbe, akatuuliza ameanza lini, na tulipomjibu aliangalia chini. "Mngeniita mapema, mama," alisema kwa upole, na upole wake uliniuma kuliko kama angetugombeza. Alimchoma sindano. Ng'ombe alikufa kabla jua halijazama.

Nililia. Mama hakulia. Aliosha ndoo ya kukamulia, akaifunika, akakaa kwenye kiti chake cha uani na mikono mapajani. Asubuhi yake nilikuwa jikoni na uani palikuwa kimya, na ule ukimya siwezi kuusimulia vizuri.

Mwisho wa juma nilikaa na kompyuta kwa hasira. Nilikuta kile kinachoirudisha injini: kiprogramu kidogo kilichojishikiza kwenye kivinjari, kilichoingia pamoja na ile programu ya mitihani. Nilikifuta, nikaifuta na programu yenyewe, nikachagua injini niliyoitaka, nikafunga na kufungua. Haikurudi. Chai yangu ilikuwa bado ya moto. Miezi yote ile nilishindwa kutoa muda wa kikombe kimoja cha chai, na jambo hilo linanisumbua mpaka leo.

Mama alikuja akasimama nyuma yangu. Nikamwambia nimemwondoa yule muongo. Akaniomba niulize tena swali lile lile, kama tulivyouliza siku ile. Nikaandika. Safari hii jibu la kwanza lilikuwa la ndigana, maneno yale yale: mtaalamu aitwe haraka, ikiwahiwa hutibika. Nikamsomea mpaka mwisho kwa sababu aliniambia nisiruke kitu.

"Kumbe mkubwa alikuwepo," alisema. "Alikuwa anasema muda wote."

Alisema kwa Kiiraqw. Nilitafuta neno la kumjibu kwa lugha hiyo, sikulipata.