Taarifa za Damu na Wivu wa Dufie

Saa mbili asubuhi, Dufie Agyeiwaa hajamaliza waakye yake, wali wa kunde wa asubuhi. Muuguzi wa wodi ya wazazi anaingia akihema.

"Dada Dufie, programu yako inaniambia damu ipo. Nafika stoo ya damu, naambiwa ilishatolewa! Mgonjwa nimwambie nini?"

Mgonjwa ananusurika kwa damu ya kaka yake. Lawama zinabaki kwa Dufie.

Katika hospitali hii ya Kumasi, yeye ndiye aliyetengeneza programu ya wodi. Ya stoo aliitengeneza Barimah, aliyeajiriwa baada yake na sasa ni bosi wake. Zote zinategemea hifadhidata moja: damu ikitolewa au ikiongezwa, hifadhidata hutuma taarifa ili kila programu ijue.

"Yangu ilikuwa inakosa taarifa. Ya Barimah, sifa tupu," anasema Dufie. "Wakimsifu, chakula hakinishuki."

Kwa siku kadhaa alipekua kazi ya mwenzake akitafuta kosa. Barimah akamtania: "Eh, mama, unanipeleleza? Si uniulize tu?"

"Nikuulize wewe? Labda nife kwanza."

Lakini asubuhi ile ya muuguzi, anameza kiburi na kumwita. Wanaandika damu ya majaribio kwenye hifadhidata, mara mbili. Taarifa ya kwanza inafika stoo, wodi haina habari. Ya pili inafika wodi, stoo kimya.

"Kumbe na yako inakosa!" Dufie anapiga makofi.

Inakosa, ila damu hutolewa hukohuko stoo, watu wake wakiona kwa macho, hivyo hakuna aliyegundua. Programu zote mbili zilikuwa zikichota taarifa kwenye sanduku moja la kupokelea ndani ya hifadhidata. Iliyowahi ilichukua, nyingine ikakuta patupu.

Furaha yake haidumu. Jina la sanduku alilinakili yeye mwenyewe kwenye programu ya Barimah, kimyakimya, asije akaonekana anaomba msaada.

Kabla ya chakula cha mchana, kila programu imepewa sanduku lake, na kila taarifa inafika kotekote. Kikaoni, mganga mkuu anampongeza Barimah. Barimah anasimama: "Aliyelifukua tatizo ni Dufie."

"Hapo wivu ndio ukazidi," anakiri Dufie. "Hata kwa wema ananishinda!"

Sasa ameomba kuongoza idara ya kompyuta katika hospitali mpya ya Sunyani. Je, Barimah akimfuata huko?

"Nitamwajiri. Fundi kama yule unamwachaje?" Anacheka. "Ila atakuwa chini yangu."