Siku Tatu za Kunyamaza Ukumbini

Siku ya tatu ya mgomo, saa nne asubuhi, ukumbi wa abiria ulikuwa umejaa watu waliolala. Walilala juu ya mabegi, juu ya maboksi yaliyokunjuliwa, wengine wakiegemeana mabegani bila kujuana. Nje ya kioo ndege sita zilisimama mstari mmoja, injini zimezibwa kwa vitambaa vyekundu, na jua lilizipitia moja moja, taratibu, kana kwamba linazihesabu na kusahau. Vipaza sauti vilikuwa kimya. Waliokuwa macho waliongea chini chini, kama watu walio katika nyumba yenye mgonjwa.

Mwanamke ambaye kwa kawaida huujaza ukumbi huo kwa sauti alikuwa amekaa safu ya tatu kutoka mlangoni, amejitanda mtandio wa kijivu. Wenzake humwita Tafadhali, kwa kuwa kila tangazo lake huanza na neno hilo. Kwa miaka kumi na tisa amefanya kazi katika chumba cha kioo ghorofa ya pili, chumba kisichotosha viti viwili, akisoma karatasi anazoletewa. Abiria wanaijua sauti yake. Sura yake hawaijui.

Nyumbani si msemaji. Mumewe, seremala, hupenda kuwaambia wageni kwamba alioa mke anayesikiwa na mji mzima, ila yeye hata kuambiwa chai imepoa haambiwi. Maneno ya mkewe humtoka usingizini.

"Jana umenipeleka lango namba saba," alimwambia asubuhi moja. "Nimeamka nimekumbatia mto kama begi, nasubiri kuitwa."

"Na uliitwa?"

"Wapi! Ulikoroma."

Mgomo wenyewe ulihusu usingizi. Kampuni ilikuwa imepunguza saa za kupumzika kati ya zamu na zamu, kutoka kumi na mbili hadi nane, na ndani ya hizo nane ni lazima mtu afike nyumbani, ale, aoge, arudi. Mwezi mmoja kabla ya mgomo, Tafadhali aliitangaza kwa utulivu kamili ndege iliyokuwa imeondoka siku iliyotangulia. Abiria wapatao arobaini, wenye tiketi za kwingine kabisa, walisimama na kupanga foleni. Aliwatazama kupitia kioo na kwa muda hakuona kosa lolote. Alidhani ni ndoto, na ndoto yenyewe ilikuwa na mpangilio mzuri.

Wagomaji wenzake walikuwa nje, kwenye uzio, na mabango. Yeye aliingia ndani. Alitaka kujua ukumbi unakuwaje yeye akinyamaza, na alipokwisha kukaa akashindwa kuondoka.

Kiti cha jirani yake alikaa muuza vipuri vya magari, mtu mnene mwenye mkoba mmoja na maoni mengi. Alikuwa akienda kumwoza binti yake, na harusi ilikuwa kesho yake jioni.

"Wavivu hawa," alisema tangu siku ya kwanza. "Sare wanapewa, ndege wanapanda bure, sasa wanataka na kulala! Mimi nikilala duka linafunguliwa na nani?"

Tafadhali hakujibu. Neno lake la kwanza lingemtambulisha. Alitikisa kichwa tu, na mchana wa siku ya pili muuza vipuri akawa ameshakata shauri.

"Msimsumbue mama huyu," aliwaambia waliokuwa jirani. "Ni bubu. Ila anasikia vizuri, maskini."

Akamletea chai, akamwonyesha kwa vidole kwamba ni ya moto. Tafadhali aliipokea kwa mikono miwili.

Si wote waliomuunga mkono muuza vipuri. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alimgeukia.

"Kaka, wewe ungependa wa kukufungulia mlango wa dharura awe anasinzia?"

"Dada, mlango gani, na ndege yenyewe haijaruka?"

Watu wakacheka, hata waliofumba macho. Kicheko kikazunguka ukumbini kikazama, na usingizi ukawarudia.

Saa tano ndipo mambo yalipobadilika. Chama cha wafanyakazi na kampuni walikuwa wamejadiliana usiku kucha na kukubaliana kwamba ndege moja ndogo iruhusiwe kuondoka na wagonjwa tisa. Makubaliano yalitaja wapakia mizigo wawili, karani mmoja wa kaunta, mhudumu mmoja. Mtangazaji hakutajwa. Walioyaandika waliamini kwamba ndege huondoshwa kwa mafuta na mabawa. Kwa hiyo meneja wa zamu alipanda mwenyewe kwenye chumba cha kioo, akakohoa ndani ya kipaza sauti, akasoma majina.

Wagonjwa wanane walifika langoni. Wa tisa hakuonekana.

Meneja alirudia jina la huyo wa tisa, majina yote matatu, kama yalivyo kwenye tiketi. Akarudia tena, kwa kasi zaidi na kwa sauti ya juu zaidi. Baada ya dakika chache mwanamke kijana alipita mbio katikati ya safu za viti akiinua mablanketi ya watu na kuomba radhi.

"Jamani, mmemwona mzee mmoja, koti la kahawia? Nilikwenda kumtafutia maji tu. Lango linafungwa baada ya robo saa!"

"Si anaitwa hapo, binti?" muuza vipuri alimwambia. "Hasikii?"

"Anasikia! Jina hilo ndilo halijui. Ni la kwenye pasipoti, hata mimi mwanawe nililiona mara ya kwanza siku tulipoipata pasipoti. Watu wote wanamwita Fundi Saa." Alifuta uso kwa kiganja. "Kesho asubuhi anapasuliwa moyo. Tumesubiri kitanda miezi saba. Akikosa, tunaanza upya, na daktari amesema hana miezi saba mingine."

Kisha akaita, "Baba! Fundi Saa!" Sauti yake nyembamba ilipanda hadi kwenye paa na kuishia huko.

Tafadhali aliifahamu tabia ya paa lile. Kila mwaka, vipaza sauti vinapokarabatiwa, yeye husimama chini na kusema huku mafundi wakisikiliza. Ukumbi ule humeza sauti kali. Sauti nzito, ndefu, isiyo na haraka, huitembeza hadi ukuta wa mwisho, lakini mtu awe amesimama kwenye kidato cha nne cha ngazi, penye nguzo.

Alisimama. Muuza vipuri akamshika mtandio.

"Mama, tulia, tutamtafuta sisi."

Alikwenda hadi kwenye ngazi, akapanda vidato vinne, akaweka mkono juu ya nguzo.

"Tafadhali," alisema.

Ukumbi mzima ukafumbua macho. Watu walikaa kitako, wakashika mabegi, wakageukia lango kabla hawajajua wameamshwa na nini.

"Fundi Saa. Fundi Saa. Mwanao anakusubiri penye ngazi. Njoo taratibu, bado muda upo."

Mbali, nyuma ya lundo la masanduku, blanketi lilisogea. Mzee mdogo mwenye koti la kahawia aliinuka, akakunja blanketi pande nne, akaja akitembea kwenye njia ambayo watu walimfungulia.

"Nani ananiita?" aliuliza. "Usingizini nilikuwa nimeshafika."

Binti alimshika mkono, wakaelekea langoni. Karani aliwaangalia, akaangalia saa, akawapitisha.

Mwenyekiti wa chama, mpakia mizigo mwenye mabega mapana, alikuwa ameingia aliposikia sauti.

"Umevunja mgomo."

"Kipaza sauti sikukigusa."

"Umefanya kazi, dada yangu. Kesho watataka uwaite wote."

"Kwenye makubaliano yenu ningeandikwa, nisingepanda ngazi hii. Nani alinisahau?"

"Kamati itakaa," mwenyekiti alisema, na akatoka. Sauti ya injini ndogo ilianza kusikika, ikapita juu ya paa, ikapungua.

Muuza vipuri alikuwa amesimama chini ya ngazi, mkoba kifuani.

"Kumbe bubu wangu ana ulimi," alisema. "Siku tatu nakutukana na chai nakupa."

"Chai ilikuwa nzuri."

"Kwa hiyo mkitaka, mnaweza."

Hakuna aliyecheka. Nyuso mia zilimtazama, na Tafadhali aliona jinsi zilivyosubiri: zilisubiri aendelee, aseme namba ya lango. Mkononi hakuwa na karatasi.

Muuza vipuri akashusha sauti. "Niambie kweli, dada. Yangu itaruka lini?"

"Sijui, kaka."

Katika miaka kumi na tisa hakuwa amewahi kumwambia abiria neno hilo. Muuza vipuri akampa mkono, akamsaidia kushuka vidato vinne, akatoa simu ili ampigie binti yake.