Mtu Mmoja na Mtungi

Miaka ile ya ujamaa, kusema unafanya jambo peke yako ilikuwa karibu na tusi. Shamba la mihogo lilikuwa la kijiji, duka la kijiji, hata redio ya pale ofisini ilikuwa ya kijiji. Ndipo mimi nikajitoa kwenye bendi ya dansi ya Lindi mjini, wanaume wazima tuliovaa mashati ya kitenge ya namna moja, nikarudi kwetu Sudi kutangaza kwamba nitapiga muziki peke yangu. Mwenyekiti wa kijiji aliniangalia kwa huruma.

"Huumwi, kijana?"

Muziki wenyewe ulikuwa wa ajabu, sikatai. Nilikuwa nimechoshwa na nyimbo za kusifu mbolea. Gita nililiunga na spika iliyotumia betri ya lori, kipaza sauti nikakitumbukiza kwenye mtungi mtupu wa maji, nikawa naimba humo ndani. Sauti ilitoka imevimba, inazunguka, inarudi kabla hujaiita. Niliimba ndoto nilizoota nikiwa na malaria: mikorosho inatembea, samaki wananipa shikamoo. Lo, nilikuwa na raha! Sijapata tena raha ya namna ile, na siioni aibu kusema.

Tatizo lilikuwa gita. Lilikuwa mali ya bendi. Kiongozi wetu, muungwana lakini mkavu, alinipa sharti: nipige kijijini kwetu siku ya Idi, naye atakuja kuona. Watu wakicheza, gita nibaki nalo. Wasipocheza, analichukua, na mimi narudi kuvaa kitenge.

Basi Idi ikafika. Baada ya pilau watu walikusanyika na nguo zao mpya, wananukia udi, wakatandika mikeka. Nikapiga wimbo wa kwanza. Wakawa wanazungumza. Nikapiga wa pili, wakazungumza zaidi, watoto wakagombania ubuyu. Wimbo wa tatu ulipokwisha, mzee mmoja akanisogelea kwa upole.

"Mwanangu, sisi hatuna haraka. Pasha tu vizuri, wenzio watafika."

Kwetu ngoma haichezwi mpaka ipashwe moto. Wapigaji huwasha makuti makavu, huielekeza ngozi kwenye moto, hugongagonga na kusikiliza mpaka ikaze. Muda wote huo watu hukaa na kupiga soga, maana hakuna mwenye akili zake anayesimama kucheza ngoma inayopashwa. Nyimbo zangu tatu, jasho langu lote, watu walidhani bado napasha! Kiongozi wa bendi alicheka mpaka akaegemea mnazi. Mimi nilitaka kulia.

Mama alikuwa mbele, katikati ya wanawake wenzake. Tangu nishike gita alikuwa akiniombea dua niache.

"Kwani umeshaanza?" akauliza kwa sauti ya kusikika na wote.

"Nimeanza zamani, mama."

"Na huwaambii watu!"

Watu wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. Alisimama, akajifunga kanga kiunoni, akaja mpaka karibu na mtungi.

"Haya. Nipigie ule wa mikorosho."

Kumbe alikuwa anasikiliza. Nikakosea mwanzo, nikaanza upya. Mama akafumba macho, akacheza kwa mabega tu, polepole, akiifuata ile sauti kila ilikokwenda. Tangu nizaliwe sikuwahi kumwona akicheza. Wala hakuna aliyenyanyuka kumfuata. Watu waliacha tu kuzungumza, wakamtazama.

Maneno ya wimbo yakaisha, mama bado anacheza. Kiongozi akaja, akanyoosha mkono kulishika gita.

"Ngoja wewe," mama akamwambia, bila kufumbua macho. "Mimi sijamaliza."

Yule bwana akarudisha mkono wake. Nikaendelea kupiga, bila maneno, mpaka mama akatosheka. Kiongozi alirudi Lindi jioni ile, na gita hakulichukua.