Kuunga Mchicha

Jikoni kwa Shangazi Nashipai, nyuma ya duka la mume wake mjini Karatu, harufu ya vitunguu vikikaangwa ilianza mapema na kukaa kwenye nguo zangu hadi jioni. Kwetu Enguserosambu hatukukaanga kitu. Tulikunywa maziwa, tukala ugali, na nyama ilichemshwa kwa chumvi tu. Nililetwa mjini nisome, na Kiswahili changu kilikuwa cha darasani: salamu, hesabu, majina ya wanyama.

Jumamosi moja mama mkwe wa shangazi alikuja kula chakula cha mchana. Ukoo wa mume ulikuwa bado unanong'ona kwamba mwanamke wa Kimasai hajui kupika, kwa hiyo shangazi hakutulia tangu asubuhi. Mara akaitwa dukani. Akaniambia kwa Kiswahili, kwa kuwa mgeni alikuwa anasikia, "Mchicha umeshachemka. Unga." Mimi unga nilioujua ni mmoja tu, nao ulikuwa kwenye ndoo pale pembeni. Nikachota bakuli zima la sembe, nikamimina, nikakoroga kwa bidii.

Shangazi aliporudi alikuta uji wa kijani. Mama mkwe alichungulia sufuriani, akacheka hadi akashika ukuta. Alipoondoka, shangazi alinifokea kwamba nimemwaibisha. Nikamuuliza kuunga ni kufanya nini. "Kuunga ni kuunga," akasema. Shuleni mwalimu alinieleza kwamba kuunga ni kushikamanisha, kama fundi anavyounga mbao mbili. Nikawa nakodolea sufuria macho nikitafuta mbao. Niliendelea kumsumbua shangazi, mimi nikinuna na yeye akikasirika, mpaka siku moja akaweka mwiko chini, akaniambia taratibu kwa Kimaa, lugha yetu ya nyumbani, "Na mimi sikuelezwa. Nilikuwa namtazama mama mkwe mikono, na yeye ananicheka."

Leo nina mgahawa wangu hapa hapa Karatu, na wasichana ninaowafundisha kazi wanatoka Buger na Ololosokwan, kila mmoja na lugha ya kwao. Baada ya miaka ya kupika na kuuliza, nimeelewa kwamba mwalimu hakukosea, ila aliishia njiani. Kuunga chakula ni kuunganisha kweli: mafuta, kitunguu, nyanya na mboga huingia sufuriani kila kimoja kivyake, vikaiva kuwa kitu kimoja. Ndiyo maana bizari na iliki tunaziita viungo, kama tunavyoita goti na kiwiko. Unga wa sembe si wa ukoo huo, umefanana nao sauti tu. Hayo yote nayasema kabla mafuta hayajapata moto. Wasichana huitikia, wakaendelea na kazi, nami hubaki na hasira isiyowahusu. Shangazi alipika katika nyumba ile hadi alipofariki, kila siku akiogopa kukosea, na maelezo yenyewe yalikuwa mafupi kiasi hiki.