Dawa ya Mchango ya Mwanamkasi

Mtoto wa Bagamoyo akilia huku amekunja magoti, akaharisha na kutokwa vipele, watu walisema ana mchango, na aliyeitwa alikuwa Mwanamkasi. Dawa yake aliirithi kwa mama yake: mvuje kidogo, habasoda iliyosagwa na mzizi wa mkwamba, vyote vikivurugwa kwa mafuta ya ufuta. Mtoto alilambishwa, kisha akakandwa tumbo. Wengi walitulia. Wachache walitapika, midomo ikawavimba, na kwa hao Mwanamkasi alikuwa na neno lake: "Mchango unatoka. Ongezeni."

Hivyo ndivyo alivyomtibu Dija, mjukuu wake wa kwanza, binti wa mwanawe Sihaba. Dija alitapika, akaongezwa. Akavimba uso, akaongezwa tena. Akaanza kukoroma kama mtu aliyekabwa, na alasiri wakamzika. Mwanamkasi alilia kama bibi yeyote, lakini dawa hakuishuku. Mchango wa Dija ulikuwa mkali, basi.

Sihaba akajaliwa mtoto mwingine, Ausi. Alipoanza kuota meno naye akashikwa vilevile: choo cha maji, mashavu yaliyochubuka, kujikuna mpaka damu. Safari hii Mwanamkasi aliingiwa na hofu. Akawa anamkanda tu, na dawa akimgusisha ulimini kwa ncha ya kidole. Bado mtoto alizidi kunyong'onyea.

Ndipo njaa ikaingia. Mvua zilikataa, ufuta haukuja kutoka mashamba ya bara, na kinu cha kukamulia mafuta, kilichozungushwa na ngamia nyuma ya duka la Jayant, kikasimama.

"Jayant, umeyaficha mafuta wewe, unangoja bei," Mwanamkasi alimwambia.

"Nifiche nini, bibi? Ngamia mwenyewe mifupa mitupu. Nikimkamua yeye utapata jasho."

"Na wewe je? Kitambi hicho hakijui kama kuna njaa?"

"Hiki cha zamani, bibi. Kinaondoka polepole, kama mgeni."

Akarudi na mvuje peke yake, akavuruga dawa kwa mafuta ya nazi, akiona haya kama mpishi aliyekosa chumvi. Mjini watu walikuwa wakichemsha mizizi, na kila siku jeneza lilipita. Lakini Ausi, mtoto wa mama aliyekonda, akaanza kupona. Magamba yakabanduka mashavuni, choo kikashikana, usiku akalala. Mwanamkasi alimshukuru Mungu, wala hakuuliza zaidi.

Mvua ziliporudi na mavuno ya kwanza yakaingia mjini, Sihaba mwenyewe ndiye aliyenunua mafuta mapya ya ufuta.

"Mama, mpe sasa ile dawa yako hasa, asije akarudiwa."

Mwanamkasi akavuruga, safari hii bila woga, akamlambisha Ausi kijiko kizima. Kabla hajaufuta mkono, midomo ya mtoto ilivimba. Macho yakaziba. Akatapika, na kifuani pakaanza mlio ule ule wa Dija.

Mvuje ulikuwa ule ule. Habasoda ile ile, mzizi ule ule. Kilichobadilika kilikuwa mafuta tu. Mwanamkasi alisimama na kijiko mkononi.

"Mchango unatoka, mama," Sihaba alisema, akimlaza mtoto mapajani. "Ongeza!"

"Siongezi. Msafishe kinywa. Mwinue akae, apate pumzi."

"Mama, atakufa! Ongeza!"

"Ndiyo inayomuua, mwanangu. Ni haya mafuta."

Sihaba alimtazama. "Dija ulimwongeza."

Mwanamkasi angeweza kusema mchango huu ni wa namna nyingine, na Sihaba angeamini, kama alivyoamini siku zote. Lakini angeamini pia siku ambayo mama yake hayupo, na dawa ingetengenezwa kama alivyofundishwa.

"Nilimwongeza," akasema. "Mara mbili."

Wakakaa, mmoja huku na mmoja kule, mtoto katikati akiivuta pumzi kwa taabu. Magharibi ikaadhiniwa. Uvimbe ukaanza kushuka, Ausi akatafuta ziwa, akanyonya.

Asubuhi Sihaba alimfunga mgongoni, akaenda kwa wakwe zake Msata. Mlangoni alikataa mkono wa mama yake. Baadaye msafiri alileta habari: Ausi anatembea, na nyumba ile ufuta hauingii. Mwanamkasi akauliza kama kuna salamu zake.

"Sikupewa, bibi," akajibu msafiri.