Chicha Ina Herufi Ngapi?

Miaka ya mwisho ya Waingereza nilikuwa karani mpiga taipu katika ofisi moja ya serikali mjini Arusha. Tulikuwa makarani watatu chumba kimoja. Karani mkuu alikuwa mtu wa Machame, mzee wa kanisa, mwenye miwani na kalamu mbili mfukoni, moja nyeusi na moja nyekundu. Wa pili alikuwa kijana wa Kisongo, mcheshi, mwenye mwandiko mzuri kuliko sisi sote. Mimi nilikuwa mdogo wao, Mmeru wa Akeri, nimetoka shule juzi, na nilijiona najua Kiswahili kuliko waliozaliwa nacho.

Gazeti la Kiswahili la kila siku lilitoka Dar es Salaam na kutufikia kwa basi siku ya pili, kona zimekunjika, limesomwa na nusu ya abiria. Karani mkuu alianza na habari za siasa, akilifunika kwa faili kila mlango ulipolia. Akimaliza aligeuza ukurasa wa nyuma, ambako kulikuwa na fumbo la maneno. Hapo kazi ilianza. Mimi nilipiga taipu maswali kwa kaboni, nakala tatu. Kijana wa Kisongo alichora miraba kwa rula. Saa kumi kila mtu alikwenda na yake nyumbani, na kesho yake saa nne tukalinganisha. Aliyejaza machache ndiye aliyechemsha chai siku hiyo. Sharti lilikuwa moja, na karani mkuu alilitamka kama amri ya kumi na moja: "Hakuna kuuliza mtu."

Tatizo ni kwamba mtunga fumbo, yeyote aliyekuwa, bila shaka alikuwa mtu wa pwani. Siku moja aliuliza: "Sehemu ya nyuma ya chombo, herufi nne." Asubuhi yake tulibishana hadi chai ikapoa.

"Chombo kama sufuria hakina nyuma," alisema karani mkuu.

"Kina nyuma ukikigeuza," alisema kijana wa Kisongo. "Mimi nimeandika 'moto'. Nyuma ya sufuria kuna moto."

"Huo uko chini, si nyuma."

Jibu lilipokuja na gazeti lililofuata lilikuwa "tezi". Sote watatu tulilitazama kama barua ya mtu mwingine iliyoletwa kwetu kwa makosa.

Nilikuwa nimepanga chumba Ngarenaro, kwa mama mmoja mjane, mzaliwa wa Pangani. Mumewe alikuwa fundi wa reli aliyemleta bara, akafariki, naye akabaki na nyumba ya vyumba vinne na mkarafuu mmoja aliojaribu kuupanda uani kwa ukaidi, ambao baridi ya Meru ilikataa kuuacha ukue. Sote wapangaji tulimwita Bibi. Jioni ile nilimkuta anachagua mchele uani. Nikamwamkia, akaitika, nami nikauliza, kama mtu anayeuliza habari za hewa, tezi ni nini.

"Ya kwenye shingo au ya kwenye chombo?"

"Ya kwenye chombo, Bibi."

"Ni nyuma yake. Mbele omo, nyuma tezi. Chombo cha baharini, mwanangu. Ulidhani sufuria?"

Kesho yake nilirudi na fumbo zima mfukoni, na amri ya kumi na moja nikaivunja pale uani, mbele ya kuku wake.

"Meno anayo, nyasi hali, jikoni anakaa na watu wanamkalia," nilimsomea. "Herufi tano."

"Mbuzi," alisema bila kuinua macho.

"Mbuzi anakula nyasi, Bibi."

Akainuka, akaingia jikoni, akatoka na kigoda chenye ulimi wa chuma uliochongwa meno mbele yake. "Huyu hapa. Mbuzi wa kukunia nazi. Mpe nyasi tuone." Sisi kwetu Akeri tulikuwa na ndizi na kahawa. Nazi niliiona sokoni tu, sikuwahi kufikiri ina vyombo vyake.

Swali lililofuata lilikuwa: "Tui likishatoka, hubaki mimi. Herufi sita."

"Chicha," alisema. Kisha akahesabu vidole vya mkono wa kushoto, akakunja uso. "Lakini ni nne, si sita. Huyo wako amekosea."

Niliiandika kwenye miraba, ikaingia sawasawa: c, h, i, c, h, a. "Ni sita, Bibi."

"Nne."

Nikacheka kidogo moyoni. Maskini, nilijiambia, maneno anayajua yote, ila kusoma hajui, kwa hiyo hata kuhesabu herufi kunamshinda. Nikamshukuru kwa upole, upole ule wa kijana aliyesoma, ambao nikiukumbuka leo masikio yanawaka.

Kwa wiki tatu sikuchemsha chai. Karani mkuu alichemsha, kijana wa Kisongo akachemsha, na mimi nilikaa nimekunja nne nikiwakosoa sukari. Kisha asubuhi moja karani mkuu alichukua nakala yangu ya zamani, akaishika mbali na uso wake.

"Hii chicha," alisema. "Hebu tueleze ni kitu gani."

Nilikuwa na jibu lakini sikuwa na kitu chenyewe. Bibi hakunionyesha chicha, na mimi sikuuliza. "Ni aina ya mdudu," nilisema. "Mdogo."

Kijana wa Kisongo aliangua kicheko hadi akashika meza. Karani mkuu hakucheka. Alivua miwani. "Mwanangu, mtu akijua jina asijue kitu, ameambiwa. Nani alikuambia?"

Nikakiri yote. Nilitazamia kukemewa, pengine mfano kutoka Maandiko. Badala yake aliuliza, "Huyo mama anapatikana Jumamosi?"

Jumamosi ofisi ilifungwa saa sita, na saa nane tulikuwa uani kwa Bibi, watatu, tumevaa makoti kama watu waliokuja kuposa. Nilikuwa nimewatangulia njiani kwa maelezo mengi. "Msimcheke," niliwaambia. "Hajui kusoma, lakini akili anayo." Nilirudia maneno hayo tulipofika mlangoni, na sauti yangu haikuwa ndogo kama nilivyodhani.

Bibi alikuwa amekaa kwenye mkeka na ubao mapajani, anaandika. Kalamu yake ilitoka kulia ikaenda kushoto, mstari baada ya mstari, bila kusita. Aliimaliza sentensi yake, akapuliza wino, ndipo akatukaribisha.

"Nani hajui kusoma?" aliuliza.

Nilitazama viatu vyangu.

"Hii ni barua ya kumpelekea dada yangu Pangani. Tunaandikiana tangu tukiwa wasichana, kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu tulizofundishwa chuoni. Mume wangu alipokufa nilimtungia beti arubaini, nazo ziko sandukuni." Kisha akanigeukia mimi hasa. "Ulipokuja na chicha yako, nilikuhesabia. Che, ye, che, alifu. Ngapi hizo?"

"Nne, Bibi," nilisema.

"Basi ulikuwa unacheka nini?"

Sikuwa nimecheka kwa sauti, lakini aliona. Nilipiga goti pale pale kama ninavyompigia mama yangu nikamwomba radhi. Akasema niache kuchafua suruali. Karani mkuu alikohoa, akamwuliza kwa heshima kubwa kama angekubali kutufundisha. Akasema atakubali kwa sharti lake: sisi nasi tumfundishe herufi zetu, "maana nimechoka kusomewa gazeti na mtoto anayechagua habari za kunisomea."

Nikawa mwalimu wake kila jioni baada ya kazi. Mtu anayejua kusoma tayari hafundishwi kusoma. Anaonyeshwa milango mingine tu. Wiki mbili zilimtosha. Kilichomsumbua ni mwelekeo: mwanzoni alijaza miraba kuanzia kulia, na "mzinga" ukawa "agnizm", nasi tukacheka wote, yeye akitangulia. Sisi alitufundisha kwa kutuonyesha. Alikuna nazi mbele yetu, akakamua tui, akatuwekea chicha viganjani. Karani mkuu aliitazama muda mrefu. "Kumbe haina miguu," alisema, na kijana wa Kisongo akanipiga kiwiko.

Tangu hapo nilipiga taipu nakala nne. Ya nne nilimpelekea Bibi, na asubuhi niliirudisha ofisini imejaa yote, kwa mwandiko wa penseli ulioinama upande usio wa kawaida. Yeye hakuhusika na chai, maana asingechemsha kamwe.

Miezi michache baadaye alinipa karatasi aliyoichora mwenyewe: miraba na maswali, na majibu yako katika karatasi ya pili, zote amezifunga ndani ya bahasha. Akaniagiza nikaitume kwa mhariri bila kufungua. Niliituma. Fumbo lake lilipotoka gazetini, chini yake pameandikwa "limetungwa na msomaji wetu wa Arusha", karani mkuu alifunga mlango wa ofisi na tukalishambulia watatu kwa pamoja. Tulikuwa tumeiva sasa. Tuliyapata ya jikoni, ya baharini, ya harusini. Likabaki moja: "Ndizi nimepondwa, mtindi umenichanganya, wageni wakija nahitajika. Herufi saba." Tulifikiri vitumbua, visheti, maandazi ya kila namna. Kijana wa Kisongo alikwenda kuazima kamusi. Hatukupata.

Jibu lilikuja na basi la kesho yake: loshoro. Chakula cha kwetu. Nilikilishwa kabla sijaota meno, na mama alikipika Jumapili iliyotangulia nikala bakuli mbili.

Jioni nilimwuliza Bibi alikijulia wapi.

"Ngaramtoni, siku ya soko. Nilimwona mama mmoja anakula, nikamwuliza kinaitwaje." Akaendelea kuchagua mchele wake. "Si vigumu kuuliza, mwanangu."