Salamu ya Mapacha Ziwani

"Masanja, watoto wa mabasa hawapitishwi majini kama magunia!"

"Mama, achia mtumbwi. Jua linapanda, upepo utatukuta katikati."

"Upepo utawakuta kwa sababu hamjasalimia."

"Toka asubuhi nimesalimia watu wote hapa mwaloni. Na ziwa nalo linataka mwangaluka?"

"Linataka! Tena kutoka kwa hawa wawili, si kwako."

Akina mama waliokuwa wanaanika dagaa wakaacha kazi ili wacheke vizuri. Bibi alikuwa amesimama ndani ya ziwa, maji yamefika magotini, ameng'ang'ania ubavu wa mtumbwi kwa mikono miwili. Mjomba Masanja, mwanawe, alikuwa nyuma kwenye mashine, kamba ya kuwashia mkononi. Katikati yao tulikaa mama yetu, pacha wangu Kulwa na mimi, pamoja na mchele, dagaa wakavu na jogoo aliyefungwa miguu.

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa nilikuwa sijawahi kugombaniwa na mtu, na nakiri kwamba nilifurahi. Sisi kwa Kisukuma tunaitwa mabasa, yaani mapacha. Aliyetangulia kutoka ni Kulwa, anayefuata ni Doto. Mimi ni Doto. Bibi alishika sana ya wazee, na kwa wazee pacha anapovuka maji makubwa hana budi kujitambulisha. Anainama, anajaza maji kinywani, anayapuliza juu ya ziwa, kisha anasema, "Mimi ni wa mabasa, nipishe." Asipofanya hivyo maji yanamwona mgeni, na Bibi alisema mgeni asiyebisha hodi hufukuzwa.

Kwetu ni Dutwa, kwenye pamba na mahindi. Ziwa tuliliona mara moja kwa mwaka, likizo ya mwezi wa sita, wakati wa kiangazi. Baba alituachia tukishamaliza mchumo wa kwanza wa pamba, na safari ya basi kwenda kwa Bibi mwaloni, yaani ufuko wa wavuvi, mbele kidogo ya Nyashimo, ilikuwa ndiyo sikukuu yetu. Mimi nilianza kunusa dagaa kabla hatujafika. Kulwa alisema naongopa, lakini nilikuwa nanusa kweli.

Sijui kama kuna watoto walioishi vizuri kama sisi wiki zile mbili. Asubuhi tulisaidia kuanika dagaa, na kazi yetu hasa ilikuwa kufukuza ndege kwa matawi, kazi ambayo haina tofauti na mchezo. Mchana Bibi alipika kichwa cha sangara kwenye chungu kikubwa, supu nzito hadi vidole vinagandana, na watu sita tulizunguka sinia moja la ugali. Jioni akina mama na watoto walikwenda kuoga upande wao wa ufukweni. Mama, ambaye nyumbani Dutwa sikuwahi kumwona amekaa bila jembe au mwiko, alikuwa anaelea chali na kucheka kama msichana. Ninapotaka kumkumbuka mama yangu akiwa na furaha, namkumbuka hapo.

Mwaka ule tulikuja na zawadi maalumu. Mjomba alikuwa anatengeneza mtumbwi, na mianya kati ya mbao huzibwa kwa pamba iliyopakwa mafuta. Baba akampa kiroba cha pamba yetu. Lakini pamba ya shambani ina mbegu, na mbegu ikibaki ndani, ile pamba haishikani. Basi Kulwa na mimi tukapewa kazi ya kuichambua kwa vidole, tumekaa mlangoni kwa Bibi. Tuliichambua vizuri siku ya kwanza. Siku ya pili wenzetu walikuwa wanaogelea na tuliwasikia. Siku ya pili tuliichambua haraka.

Mama mdogo Kabula, mdogo wake Mama, alikuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza ng'ambo ya ghuba, na sisi tulikuwa tunampelekea chakula cha uzazi. Ilikuwa safari yetu ya kwanza kuvuka, katika mtumbwi ule ule wa Mjomba. Hapo ndipo Bibi akaingia majini na kushika mtumbwi.

Mama akajaribu kuwapatanisha. "Masanja, waache wafanye. Ni dakika moja."

"Sawa, dada. Wafanye." Mjomba akachukua kikombe cha plastiki alichokuwa akikombea maji, akachota ziwani, akampa Kulwa. "Haya, Kulwa. Nywa, tema, twende."

"Si kwa kikombe!" Bibi akapiga kelele. "Mdomo uinamie maji!"

Lakini Kulwa alishajaza kinywa. Akapuliza, nusu ziwani, nusu juu ya jogoo. Akasema maneno. Mimi nikanyoosha mkono nipewe kikombe.

"Mmoja anatosha," Mjomba akasema. "Nyie si mapacha? Akila mmoja, mwingine si anashiba?"

Watu wakacheka tena. Mashine ikawaka. Bibi alibaki amesimama majini, na sauti yake ilitufuata: "Doto hajasalimia! Masanja! Doto hajasalimia!"

Mkono wangu ulikuwa bado umenyooka. Nikaurudisha kwenye mapaja. Ni jambo dogo, na sikulia, kwa sababu nilishazoea. Kulwa alitangulia kuvishwa, alitangulia kupakuliwa, mwalimu alimuuliza yeye jibu letu sote wawili. Ndivyo ilivyo kwa mapacha. Sikumchukia hata siku moja. Lakini siku ile nilijisikia kama mzigo ambao umepakiwa bila kuandikwa jina.

Tulikwenda vizuri mwanzo. Kulwa aliimba, Mama akaitikia. Tulipofika mahali ambapo nyumba za mwaloni zilikuwa zimekuwa ndogo kama punje za mahindi, upepo ukaja. Haukuwa upepo wa kutisha, Mjomba alisema hivyo mwenyewe, lakini mawimbi yalianza kutupiga ubavuni, na Kulwa akanyamaza, akawa wa kijivu, akaanza kutapika. Kisha mimi nikahisi miguu imelowa.

"Mjomba, kuna maji."

"Ni ya mawimbi hayo."

Hayakuwa ya mawimbi. Mama akachukua kile kikombe, akaanza kukomba. Akakomba haraka zaidi. Maji hayakupungua. Mjomba akapunguza mwendo wa mashine, akaja katikati, akasukuma mchele huku na huku akipapasa sakafuni. Mtumbwi ulikuwa umejaa vitu na maji yalikuwa yameshafunika mbao za chini, hakuona yanaingilia wapi. Jogoo alikuwa anapiga mabawa majini. Mjomba wangu, mtu wa utani asubuhi hadi jioni, hakutania tena. Alituvalisha Kulwa na mimi majaketi ya kuelea mawili aliyokuwa nayo, akakaza kamba hadi nikaumia, na nilipomtazama usoni nikajua tunaweza kuzama.

Mama alisema taratibu, bila kuacha kukomba, "Masanja, mama yetu alisema Doto hajasalimia."

"Dada, sasa hivi?"

"Sasa hivi."

Nikamtazama Kulwa ili aanze. Huo ndio ukweli. Hata kwa hofu ile nilimngoja pacha wangu atangulie, maana sikuwahi kufanya kitu mbele yake. Lakini Kulwa alikuwa amelaza kichwa kwenye mapaja ya Mama, macho yamefumbwa. Akafumbua jicho moja, akaniambia, "Ni wewe, sasa."

Mama akashika mikanda ya jaketi langu mgongoni. Nikapiga magoti kwenye ubavu, upande usiopigwa na mawimbi, nikainama kama Bibi alivyosema, mdomo kwenye maji. Wimbi likanijaza kinywa kabla sijajiandaa. Nikapuliza. Nikataka kusema maneno, na sauti haikutoka. Nikainama mara ya pili, chini zaidi, shavu langu likagusa mbao za nje. Nikajaza, nikapuliza, nikasema kwa nguvu zangu zote, "Mimi ni wa mabasa! Mimi ni Doto! Nipishe!"

Na uso wangu ukiwa bado kule chini, nikaiona. Karibu na goti langu, kwa nje, kati ya mbao mbili, kulikuwa na kitu cheupe kinachochezacheza majini kama mkia wa mwanakondoo. Niliijua. Nilikuwa nimeishika kwa vidole vyangu.

"Pamba!" nikasema. "Mama, pamba yetu inatoka hapa! Hapa!"

Mjomba alifika kwa hatua moja. Akaingiza mkono kwa ndani, nyuma ya mchele, mahali nilipomwelekeza, akapata mwanya. Mbao ile kwa kawaida hukaa juu ya maji, ila siku hiyo tulikuwa tumepakia kupita kawaida. Akachana kipande cha kanga ya Mama, akakipaka sabuni ya kipande tuliyokuwa tunampelekea Mama mdogo, akakisokomeza kwa ncha ya kisu. Mama akakomba. Mimi nikakomba kwa sufuria ya zawadi. Na maji, kidogo kidogo, yakaanza kushuka, yakafika kwenye vifundo, yakafika kwenye nyayo, hadi tukaziona tena mbao za chini.

Mjomba akakaa. Akafungua kiganja. Ndani yake kulikuwa na ile pamba iliyochomoka, na ndani ya pamba kulikuwa na mbegu tatu.

"Nani alichambua hii?"

Mama akajibu kwa niaba yetu. "Kulwa na Doto."

Mjomba akatazama mbegu, akatutazama. Kisha akaanza kucheka, kicheko kilichoanza tumboni na kumtoa machozi. "Kumbe mapacha ndio waliotutoboa, na mapacha ndio wametuziba! Sasa mimi nitamwambia nini Mama kule mwaloni?"

"Mwambie wabeja," Mama akasema, yaani asante.

Tulifika ng'ambo tumelowa, tumebeba jogoo aliye hai na mchele uliolazimika kuanikwa juani. Mama mdogo Kabula alinipa mtoto mchanga nimpakate. Kulwa, ambaye rangi ilikuwa imeshamrudia, alinyoosha mikono kwanza kama kawaida yake, kisha akaishusha. "Aanze Doto," alisema. Jioni hiyo tulikula hadi tukashindwa kusimama, na hadithi ya pamba ilisimuliwa mara nne, kila mara mawimbi yakiongezeka urefu. Mimi sikusahihisha.

Sasa nina miaka kumi na saba na nimeifikiria siku ile mara nyingi, hasa nikiwa shambani peke yangu. Watu wa kanisani wanasema ni Mungu aliyetuokoa, na mimi nasali, siwapingi. Bibi, hadi alipofariki, alisema ziwa lilinijibu. Ninachoweza kusema ni kwamba nisingeinama vile nisingeiona ile pamba, na nisingeinama vile kama mwanamke mmoja hangeingia majini na nguo zake kugombania zamu yangu mbele ya watu wanaomcheka. Bibi hakujua habari za mbegu. Alijua tu kwamba kuna mtoto ambaye hajaulizwa, na kwamba jambo hilo lina hatari yake.

Niliacha shule kidato cha pili, Mama alipovunjika nyonga na ikabidi mmoja wetu abaki. Hakuna aliyeuliza ni nani. Kulwa aliendelea na mimi nilibaki, na sijutii siku nilizomwogesha mama yangu, maana sasa anatembea. Lakini mwaka huu, alipoitupa fimbo yake, nilikaa mbele ya Baba kabla hajaniita, nikamwambia nataka kurudi kusoma, nitajiandikisha mtihani wa maarifa, ule wa walioacha shule njiani, na nimeshakwenda kuuliza utaratibu. Kulwa alikuwepo. Baba alimgeukia yeye, kwa mazoea, kana kwamba angemsomea mawazo yangu. Kulwa akatazama pembeni. Nikayasema tena, kwa sauti zaidi. Mara ya kwanza hata ziwani sauti haikutoka.

Baba alikubali. Vitabu ninavyo, vipo juu ya kiroba cha pamba chumbani, na usiku huu nikimaliza kuandika nitaendelea na hesabu.

Ila nikitaka nguvu sianzi na siku tuliyovuka. Naanza na asubuhi iliyofuata, siku ya kurudi. Tulikuwa tumelala chini kwenye mkeka kwa Mama mdogo, Kulwa upande wa mlango, mimi upande wa ukuta, kama tulivyolala siku zote. Mtumbwi ulikuwa umezibwa upya, upepo ulikuwa haujaamka, na nilisikia hatua za Mjomba zikija kutoka ufukweni. Aliinama mlangoni, suruali imekunjwa hadi magotini, bila kikombe mkononi. Kulwa akainuka. Mjomba akatikisa kichwa, akanitazama mimi kule ukutani, akasema:

"Mwangaluka, Doto. Maji yanakungoja wewe. Tangulia."